Xenophon, Mwalimu wa Farasi Aliyeikataa Hasira

Hasira ni hasara. Sidhani kama yuko mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hajapata kuiandika methali hii katika insha na kutuzwa alama kwa ajili yake. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwetu wanaoikumbuka wanapokuwa na mamlaka juu ya kiumbe asiyeweza kujitetea, awe ni mtoto darasani au mnyama zizini. Kwa sababu hiyo nimeona vyema leo nimzungumzie mtu aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ambaye aliyachunguza kwa makini makubwa madhara ya hasira katika ufundishaji. Mtu huyo ni Xenophon wa Athens, askari, mwandishi wa historia, mfuasi wa Socrates na, jambo ambalo wengi hawalijui, mwalimu wa farasi.

Huenda msomaji akauliza: sisi na farasi, wapi na wapi? Wengi wetu tumewaona farasi katika picha tu, au kwa mbali katika uwanja wa mashindano kule Ngong. Jibu langu ni kwamba kumfunza farasi ni kazi ya ualimu iliyovuliwa maneno. Farasi haelezwi wala hasomewi sheria. Hujifunza kutokana na yale anayotendewa, na makosa ya mwalimu huonekana waziwazi katika mwili wa mwanafunzi. Upeo wa mafunzo hayo ni ule ufundi uitwao dresaji, ambapo farasi hutembea, huenda matiti, hupiga shoti, husimama na kugeuka kwa utulivu na madaha, akiitikia ishara ndogo ndogo za mpandaji ambazo mtazamaji haziono kwa urahisi.

Dresaji imekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1912. Mnamo Julai 2024, siku chache kabla ya Michezo ya Paris kufunguliwa, mpanda farasi mashuhuri wa Uingereza, mwenye medali kadhaa za Olimpiki, alijiondoa mashindanoni baada ya kuonekana katika video akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi mara nyingi, ilhali alikuwa akitoa mafunzo. Shirikisho la kimataifa la michezo hiyo lilimfungia kwa mwaka mmoja. Ni dhahiri basi kwamba hata katika kilele cha sanaa hii, pale ambapo tungetarajia subira pekee, swali alilolishughulikia Xenophon halijapata kufungwa.

Xenophon alizaliwa mjini Athens, Ugiriki, yapata mwaka 430 K.K., yaani Kabla ya Kristo. Baba yake, Gryllus, alikuwa mtu wa ukwasi. Katika Athens ya enzi hizo, kufuga farasi ilikuwa ni dalili ya mali, na vijana wa jamaa zilizojiweza ndio walioingia katika kikosi cha askari wapanda farasi. Yamkini Xenophon alianza kupanda farasi angali mdogo, hata mgongo wa farasi ukawa kwake kama chombo kwa mtoto wa baharia.

Inasimuliwa kwamba siku moja Socrates alikutana naye katika kichochoro, akamzuia njia kwa bakora yake na kumuuliza ni wapi mtu angeweza kununua vyakula vya kila aina. Kijana akajibu bila shida. Ndipo Socrates akamuuliza ni wapi ambapo watu hufanywa kuwa wema. Xenophon akakosa jibu, na mzee yule akamwambia amfuate akajifunze. Iwe kisa hiki kilitokea hivyo au kimepambwa na wasimulizi, hapana shaka kwamba Socrates aliacha alama isiyofutika katika maisha yake. Kutoka kwake alijifunza kuuliza kwanza na kuamuru baadaye.

Mnamo mwaka 401 K.K., rafiki yake aitwaye Proxenus alimwalika ajiunge na jeshi la Cyrus, mwana wa mfalme wa Uajemi, aliyekuwa akipanga kumng'oa kaka yake kwenye kiti cha enzi. Xenophon akaenda. Jeshi lilipofika Cunaxa, karibu na Babeli, Cyrus aliuawa vitani. Baadaye majemadari wa Kigiriki walialikwa kwa hila kwenye mazungumzo, wakakamatwa na kuuawa. Wagiriki wapatao 10,000 wakajikuta katikati ya nchi ya adui bila mwajiri wala viongozi. Katika usiku huo wa mashaka Xenophon alisimama akawatia moyo wenzake, naye akawa miongoni mwa waliochaguliwa kuwaongoza kurudi kwao.

Safari hiyo, aliyoisimulia baadaye katika kitabu chake kiitwacho Anabasis, iliwapitisha katika milima ya Wakurdi na theluji ya Armenia hadi pwani ya Bahari Nyeusi, katika mji wa Trapezus ambao leo ni Trabzon nchini Uturuki. Humo mna mambo matatu yanayotufaa katika mazungumzo yetu ya leo.

La kwanza ni kwamba jeshi halikuwa na wapanda farasi. Waajemi walikuwa nao tele, na askari wa Kigiriki walivunjika moyo. Xenophon aliwakumbusha kuwa hakuna mtu aliyewahi kufa vitani kwa kuumwa au kupigwa teke na farasi. Wauaji ni watu. Siku chache baadaye alikusanya farasi waliokuwa wakibeba mizigo, akaunda kikosi cha wapandaji wapatao 50. Wanyama waliodhaniwa kuwa wa kubebeshwa tu wakawa sehemu ya ngao ya jeshi zima.

La pili lilitokea walipokuwa wakikimbilia kilele cha mlima kabla ya adui kukifikia. Xenophon alikuwa juu ya farasi akiwahimiza askari wapande mbio. Askari mmoja akanung'unika kuwa yeye ataabika kwa kubeba ngao huku mkubwa wake amestarehe juu ya mnyama. Xenophon aliruka chini, akamsukuma askari huyo kando ya safu, akaichukua ngao ile na kuendelea kwa miguu, ingawa alikuwa amevaa deraya nzito ya mpanda farasi. Askari wengine ndio waliomshurutisha mnung'unikaji airudie ngao yake.

La tatu ndilo zito zaidi. Kule Armenia, Wagiriki walifikia kijiji ambacho mzee wake aliwapokea na kuwapa msaada. Ndiye aliyewafundisha kuwafunga farasi vifuko miguuni ili wasizame tumboni katika theluji. Alipotolewa awe kiongozi wa njia, jemadari Cheirisophus alimkasirikia kwa kuwa hakuwafikisha kwenye vijiji vingine, ingawa mzee alieleza kuwa katika sehemu ile havikuwapo. Cheirisophus akampiga. Usiku huo mzee akatoroka, na jeshi likabaki katika nchi lisiyoijua bila mtu wa kulionyesha njia. Xenophon ameandika kuwa hilo ndilo jambo pekee lililomfanya akosane na Cheirisophus katika safari yote. Pigo moja la hasira liliwagharimu watu maelfu macho yao.

Aliporejea kutoka vitani alikuwa maskini kiasi cha kumuuza farasi wake katika mji wa Lampsacus kwa sarafu 50 za dhahabu ili apate masurufu. Wajumbe wa Sparta waliosikia jinsi alivyompenda mnyama huyo walimnunua tena, wakamrudishia na kukataa kulipwa. Katika kitabu kilichojaa vifo na njaa, Xenophon hakuona haya kuiandika habari hiyo ndogo.

Urafiki wake na Sparta ulimponza. Athens ilimpa adhabu ya uhamisho, na Wasparta wakamkirimu shamba huko Scillus, karibu na Olympia. Hapo aliishi kwa zaidi ya miaka 20 akilima, akiwinda pamoja na wanawe, akifuga na kuandika. Sparta iliposhindwa katika vita vya Leuctra mnamo mwaka 371 K.K., alilipoteza shamba hilo. Ni katika miaka yake ya uzee, akiwa ameonja ushindi, uhamisho na hasara, ndipo alipoandika kwa ajili ya rafiki zake vijana kitabu kifupi juu ya upandaji farasi. Mgiriki mwingine, Simon, alikuwa ameandika juu ya mada hiyo kabla yake. Xenophon alimtaja waziwazi, akasema hatayaacha yale waliyokubaliana bali atayapokeza kwa furaha. Hapa pia wanafunzi wetu wana la kujifunza kuhusu uaminifu wa mwandishi.

Kitabu hicho kimedumu kwa sababu kinashughulika na matatizo ambayo kila mkufunzi wa farasi angali anayakabili. Tuyatazame machache.

Tatizo la kwanza ni woga. Farasi ni mnyama wa kukimbia. Akiona gogo, nguo inayopepea au kivuli asichokijua, hushtuka na kukataa kupita. Wapandaji wengi humchapa. Xenophon aliona kosa la jambo hilo: farasi anapochapwa mbele ya kitu anachokiogopa, huamini kuwa kitu hicho ndicho kilichomletea maumivu, na kesho yake ataogopa maradufu. Dawa yake ni mwalimu mwenyewe kukigusa kitu hicho, kisha kumkaribisha farasi polepole hadi ajionee kuwa hakina madhara. Alishauri pia mwanafarasi apitishwe mapema katika umati wa watu na kelele, kwa upole, ili ulimwengu usimshtue atakapokuwa mkubwa.

Tatizo la pili ni ugumu wa upande mmoja. Kama vile watu wengi wanavyopendelea mkono wa kulia, farasi naye huwa mwepesi kugeuka upande fulani na mzito upande wa pili. Mpandaji asiyejua huvuta hatamu kwa nguvu na kumwita farasi mkaidi. Xenophon alipendekeza mazoezi ya mviringo, na hasa yale yanayobadilisha upande, ili mashavu yote mawili ya farasi yazoee kuitikia kwa usawa. Wakufunzi wa dresaji hata leo hutumia saa nyingi katika miviringo kama hiyo. Mwanafunzi aliyedhaniwa kuwa mbishi huenda ikawa ni upande wake mmoja tu ambao haujafanyiwa mazoezi.

Tatizo la tatu ni mkono mzito. Farasi anayevutwa kinywa daima huinua kichwa, hukakamaza shingo na kuing'ang'ania lijamu, naye mpandaji huzidi kuvuta. Basi wawili hao hugeuka kuwa watu wa kuvutana kamba. Mgiriki huyu alifundisha mkono mwepesi: hatamu ishikwe kwa ulaini, na mara tu farasi anapoitikia kwa kuinua shingo yake vizuri, mkono ulegee. Kule kulegea ndiko kunakomweleza farasi kuwa amefanya sawa. Ikumbukwe kuwa wakati huo hapakuwa na vikuku vya kupandia wala matandiko tunayoyajua leo. Xenophon alitaka mpandaji akae kama mtu aliyesimama na kutanua miguu, wala si kama aliyekalia kiti, hivi kwamba ukakamavu wake mwenyewe usimwelemee mnyama.

Tatizo la nne ni papara. Farasi mwenye roho ya moto akichokozwa kwa ghafla huwaka, mithili ya mtu mwenye hamaki anayechokozwa kwa neno. Xenophon alitaka mpandaji aanze mwendo taratibu, aepuke kelele na mivuto ya ghafla, kisha aongeze kasi kidogo kidogo. Aidha alishauri kwamba mpandaji ashuke pale pale uwanjani ambapo farasi amefanya kazi, ili mahali pa kazi pawe pia mahali pa kupata raha. Hebu fikiria, mwalimu mwenzangu, ni wanafunzi wangapi ambao hawajui raha yoyote iliyo ndani ya darasa isipokuwa kengele ya kutoka.

Juu ya yote hayo aliweka kanuni moja kuu: asimkaribie farasi mtu aliye na hasira. Hasira haioni mbele, akaeleza, na mara kwa mara humfanya mtu atende jambo atakalolijutia. Kanuni hiyo ilimhusu bwana na saisi wake pia. Farasi anayefanya jambo kwa kushurutishwa, pasipo kulielewa, hawezi kuwa na uzuri, sawa na mcheza ngoma anayechapwa ili acheze. Aliwataka wapandaji wamtazame farasi dume anapojitapa mbele ya majike, jinsi anavyokunja shingo na kunyanyua miguu kwa fahari. Ufundi wa mkufunzi ni kumfikisha farasi mahali ambapo anayafanya hayo kwa hiari, akiwa na mtu mgongoni.

Haitakuwa haki nikimsawiri Xenophon kama malaika. Aliishi katika jamii iliyomiliki watumwa na hakuipinga. Askari wake waliwahi kumshtaki mbele ya mkutano kwa kuwapiga, naye akakiri kwamba aliwapiga baadhi yao, akieleza kuwa alifanya hivyo kwa manufaa yao, kama vile kuwainua waliokuwa wakijilaza katika theluji wafe. Hata katika kitabu chake cha farasi, anaruhusu fimbo itumike kwa farasi anayekataa katakata kuruka mtaro. Hakuwa mpinzani wa kila aina ya adhabu. Alichokipinga ni kuadhibu kwa ghadhabu, na kumwadhibu mwenye woga kana kwamba ni mkaidi. Nadhani ungamo lake lina uzito zaidi kwa sababu linatoka kwa askari aliyewahi kutumia mkono wake, wala si kwa mtu asiyejua ugumu wa kuongoza.

Mnamo mwaka 362 K.K., mwanawe aitwaye Gryllus, jina la babu yake, aliuawa akipigania Athens katika mapambano ya wapanda farasi karibu na Mantinea. Yasemekana habari ilimfikia baba akiwa anatoa sadaka, akalivua shada la maua kichwani. Alipoelezwa kuwa mwanawe alikufa kishujaa, akalivaa tena. Xenophon mwenyewe alifariki yapata mwaka 354 K.K.

Mafunzo yake hayakufuatwa moja kwa moja. Mnamo mwaka 1550, Federico Grisone wa Naples, Italia, alichapisha kitabu cha upandaji kilichopata umaarufu mkubwa Ulaya. Miongoni mwa tiba zake za ukaidi ilikuwa ni kumpiga farasi kichwani na hata kumsogezea paka mkali aliyefungwa kwenye ufito. Baadaye Mfaransa Antoine de Pluvinel, aliyemfundisha Mfalme Louis XIII, alirejea katika njia ya upole, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1623 baada ya kifo chake. Karne iliyofuata, François Robichon de la Guérinière aliijenga njia hiyo kwa utaratibu wa mazoezi ambao ndio msingi wa shule maarufu ya upandaji farasi ya Vienna, Austria, hadi leo. Mti uliopandwa na mzee wa Scillus ulichukua karne ishirini kuzaa matunda.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilizifuta kanuni zilizoruhusu viboko shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikapiga marufuku adhabu ya kumuumiza mwanafunzi mwilini na pia kumtesa akilini. Wapo walimu wanaolalamika kwamba tangu hapo nidhamu imezorota na mwalimu amenyang'anywa silaha. Siwabezi. Darasa la wanafunzi 70 si jambo la mchezo, na anayelikosoa kutoka ofisini hajasimama mbele yake.

Hata hivyo, naamini Xenophon angetuuliza swali tofauti. Angetaka kujua ni kwa nini mtoto huyu anakataa kuruka mtaro. Je, haujui, anauogopa, au ameujua na kuudharau? Mtoto anayetetemeka mbele ya ubao wa hesabu hafanani na anayepiga kelele kwa makusudi, ingawa wote wawili hawajajibu swali. Kumchapa au kumtusi wa kwanza ni kumfundisha kuwa hesabu ndiyo iliyomuumiza, na yamkini ataichukia hadi atakapomaliza shule. Sheria imeweza kuuondoa ufito mkononi mwa mwalimu. Ulimi mchungu, kejeli na macho ya dharau havikuwa katika orodha ya vitu vya kukusanywa na kutupwa.

Nanyi wanafunzi, msidhani kuwa somo hili ni la walimu peke yao. Leo mnaongozwa, kesho mtakuwa viranja, wazazi, waajiri na wakubwa wa ofisi. Wengine mtarithi punda, ng'ombe na mbwa wa baba zenu. Mtakapokabidhiwa hatamu, mkumbuke yule mzee wa Armenia aliyepigwa jioni akatoroka usiku, na jeshi zima lililoamka asubuhi likiwa halijui njia ya kwenda.